Kofia ya Makame

Chausiku alizungushia uzi kichwa cha mwanawe, juu kidogo ya masikio. Fundo alilofunga mwezi uliopita halikufika tena. Akafunga jingine mbele yake, kisha akaifumua kofia hadi karibu na utosi, aanze kuipanua upya.

"Mshukuru Mungu, mwanangu," alisema mama mkwe wake, akichagua mchele kwenye ungo. "Mtoto anakua huyo."

"Anakua, mama."

Soksi za Makame alizifuma pamoja na kofia ile, kwa uzi uleule wa manjano. Hadi leo zilimpwaya, akazifunga kwa utepe zisidondoke. Miguu yenyewe ilikuwa ileile ya siku aliyomleta nyumbani.

Akafuma, akiongeza vitanzi kila mzunguko, mpaka kofia ikaenea. Mama mkwe alifurahi, akamsogezea mkasi. Chausiku aliushika kidogo, akaurudisha mkekani.

"Mbona hukati?"

Chausiku aliupapasa uzi wa kipimo, kutoka fundo la mwezi uliopita hadi la leo. Alimpakata mwanawe na kofia yake kichwani, uzi ukishuka kutoka ukingoni hadi kwenye bonge lililokuwa sakafuni. Kila Makame alipojaribu kugeuza kichwa, bonge lilijiviringisha kidogo, kisha likatulia.