Kengele ya Kizingitini

Siku hizi mfungwa hutumikia kifungo nyumbani kwake, na mkewe ndiye askari wake. Hivyo ndivyo Subilaga alivyorudishiwa Ambokile, mwanamume aliyevunja maduka ya watu na, kabla ya hapo, mkono wa mkewe.

Afisa wa kata alimfunga Ambokile bangili mguuni. "Akivuka kizingiti tu, kengele italia mtaa mzima."

"Na akinipiga humu ndani?" Subilaga aliuliza kwa sauti ndogo.

Afisa alikuwa ameshainama kukusanya vifaa vyake. "Dada, hii ni kengele ya usalama wa jamii."

Kengele haikulia hata siku moja. Mtaa ukatulia, watu wakaanza kuacha nguo kambani hadi asubuhi, na wenye maduka wakaachana na walinzi.

Jioni moja jirani yao, Mama Lusajo, alileta mkungu wa ndizi. Alisimama mbali kidogo na kizingiti.

"Za asante hizi, mwanangu. Tangu akae kwako, sisi hatufungi hata milango." Kisha akamtazama usoni. "Na jicho hilo?"

"Nilijigonga kwenye kabati."

"Pole. Usichoke kutulindia, mama." Akaondoka upesi, bila kugeuka.

Subilaga alibaki mlangoni na ndizi zake mpaka jirani alipokata kona. Nyuma yake Ambokile akasema taratibu, kama mume yeyote wa Tukuyu wakati wa baridi:

"Wao wasifunge. Sisi tufunge, mke wangu."

Subilaga akausukuma mlango kwa mkono ule usionyooka vizuri.