Mjeledi wa Kabati la Kioo

Bwana Mdogo alikuwa anatafuta ncha. Mikono yake ilikuwa imefungwa nyuma ya kiti kwa mkanda wa ngozi uliosukwa, na vidole vilihangaika juu ya ngozi ile kama panya mtegoni, vikitafuta mahali msuko ulipoishia.

"Usijichoshe," Fundi alimwambia. "Mkanda huo nimeumaliza kikwetu. Kamba tatu zinarudi nyuma, ya nne inamezwa ndani. Babu alimfundisha baba, baba akanifundisha mimi tumejifungia chumbani, na mimi nimemfundisha huyo hapo mlangoni. Duniani hakuna mwingine. Nikidondoka sasa hivi na yeye akasusa, utazikwa na kiti chako."

Huyo wa mlangoni alikuwa binti yake, mjamzito wa miezi minane, ameegemea fremu, mkono kiunoni. Hakucheka.

Sebule ilikuwa kubwa, yaani mtu akipiga chafya kona hii, wa kona ya pili anamwambia "afya" baada ya kula mchana. Sasa sakafu nzima ilikuwa imejaa vioo. Fundi alikuwa amelivunja kabati kwa kiwiko, na kiwiko kilikuwa kinachuruzika. Ndani ya kabati mlikuwa na kitu kimoja tu: mjeledi, ambao sasa ulikuwa mkononi mwake.

Kwa zaidi ya miaka themanini, hadi leo, haukuwahi kutoka mle. Kila mtu mweusi aliyezaliwa chini ya kilima kile alisimuliwa habari zake kabla hajaota meno. Babu yake Bwana Mdogo, mweupe mwenye kinu cha miwa, aliwafunga watu weusi arobaini na mmoja kwenye gurudumu la kinu, wakachapwa mmoja baada ya mwingine, kwa siku moja. Gurudumu lilipasuka. Mkono wa mnyapara ulivimba mpaka akabadilishwa. Mjeledi haukukatika hata uzi.

Juu ya meza palikuwa na karatasi na kalamu. Maneno alikuwa ameyatunga Fundi mwenyewe, na mkutano wa mtaa ukayapigia makofi mpaka bati zikatikisika. Jumatatu yangesomwa mbele ya baraza.

"Soma kwa sauti," Fundi alisema.

Bwana Mdogo alisoma, mdomo ukiwa umevimba. "Kila ambaye mkono wa babu yake uligusa mjeledi huu ana hatia, yeye na kizazi chake chote, hata aliye tumboni. Ataondoka kwenye ardhi ya kinu, nayo watapewa wajukuu wa waliochapwa." Akainua jicho moja, la pili lilikuwa limeshafumba. "Fundi, mimi nilizaliwa gurudumu lile limesimama miaka ishirini. Mtoto wa tumboni naye amemkosea nani?"

"Na waliokuwa tumboni mwa wale waliofungwa, walimkosea nani?"

Mjeledi ulishuka. Shati lilifunguka begani kama barua, na nyama chini yake ikafunguka pia. Ulishuka tena, ukamzunguka shingoni ukarudi na ngozi. Kiti kilisogea. Damu iliruka ikachora mstari ukutani, juu kidogo ya picha ya harusi.

"Baba," binti aliita. "Inatosha."

"Inatosha? Hapa hata wa kwanza hajalipiwa, mama. Kaa, miguu itavimba."

Hakukaa.

Bwana Mdogo alitema damu mapajani mwake. "Babu yako naye alikuwa kinuni?"

"Alikuwa. Alishona hatamu za farasi. Mikono yake ndiyo iliyomwokoa."

"Kwa hiyo yeye hakuchapwa."

Fundi aliugeuza mjeledi, akamshindilia mpini usoni. Mara ya kwanza pua ilivunjika. Mara ya pili kifuniko cha shaba kilichokuwa kichwani mwa mpini, chenye nembo ya ukoo, kiling'oka kikabingirika chini ya meza, na jino likakifuata. Mara ya tatu Bwana Mdogo alilia kwa sauti ya mtoto.

"Natia! Natia saini!"

Fundi alipeleka mkono nyuma ya kiti, akabonyeza mahali anapopajua yeye, na mkanda ukaachia wenyewe. Saini ilitoka imepinda, na doa jekundu likaanguka juu yake kama muhuri. Kisha Bwana Mdogo aliteleza kwenye kiti, akalala juu ya vioo, akikoroma kwa damu.

Fundi aliishika karatasi kwa mikono miwili. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta. Aliisoma yote, polepole, neno kwa neno, na alipofika kwenye "hata aliye tumboni" alimtazama binti yake akatabasamu.

"Mjukuu wangu atazaliwa kwenye ardhi yake," alisema. "Shika mjeledi huu, mama. Ufute vizuri. Jumatatu nauinua mbele ya baraza zima, kila mtu auone."

Binti aliupokea. Aliufuta kwa pindo la gauni lake, akianzia mkiani, akapanda taratibu, damu ikitoka na rangi ya ngozi ikijitokeza, hadi kwenye kichwa cha mpini, pale kifuniko cha shaba kilipong'oka. Hapo kidole gumba chake kilisimama. Kilizunguka msuko mara moja. Kilizunguka tena, kucha ikitafuta ncha: kamba tatu zilirudi nyuma, ya nne ilikuwa imemezwa ndani.

"Baba," aliuliza, "huu uliusuka lini?"