Barua ya Tatu kwa Mkuu

Barua ilirudi mara ya pili na wino mwekundu ule ule: HAPANA. ZAMU ITABAKI BILA MTU.

Fundi wa maabara aliikunja, akaitia kwenye mfuko wa koti lake jeupe, akarudi kwenye hadubini. Miaka kumi na tisa anachungulia damu za watu, na ile digrii aliyoiacha katikati enzi za ujana sasa ilikuwa imebakiza mtihani mmoja tu. Jumatatu, saa tatu asubuhi. Chuo kilishasema: asiyetokea safari hii, jina linafutwa.

"Pole, mwanafunzi," mwenzake alimtania huku akipanga chupa za sampuli. "Kwa mkuu wa kitengo hakuna cha ndugu wala jamaa."

"Nitaenda tu."

"Na kazi je?"

"Nimesema nitaenda."

Jioni mkewe alimkuta ameinamia meza ya chakula, anaandika barua ya tatu, vitabu vimebanana na sahani za mtoto. Akavua viatu, akasomea begani kwake, akacheka.

"'Naomba kwa unyenyekevu mkubwa.' Mume wangu, unaomba ruhusa au unaposa?"

"Sasa niandike nini?"

"Lete kalamu." Akakata mstari wa kwanza. Akakata na wa pili. "Weka kile kifungu cha kanuni za kazi kinachokupa haki ya siku ya mtihani. Na mwisho kabisa: nakala kwa mkurugenzi."

"Si nitaonekana mkorofi?"

"Bora uonekane. Barua ya kuomba, hata mkuu akitaka kuikubali, wenzako watasema kuna upendeleo. Ya kudai, hana pa kukimbilia."

Fundi akachukua kalamu, akaongeza la kwake: Nipewe ruhusa nisipewe, Jumatatu nitakuwa kwenye chumba cha mtihani.

Mkewe alilisoma mara mbili. "Hapo ndipo umeandika wewe," alisema, akaenda kumwogesha mtoto.

Asubuhi fundi aliingia ofisini kwa mkuu, akaambiwa akae, hakukaa. Mlango aliuacha wazi makusudi. Kule maabara mtu alizima hadi mashine ya kuzungushia damu ili wasikie vizuri.

Mkuu alisoma taratibu, kalamu nyekundu mkononi.

"Barua hii ina kiburi."

"Ndiyo, mkuu."

"Na nakala imeshafika kwa mkurugenzi?"

"Tangu saa moja na nusu. Wameigonga muhuri."

Mkuu akaandika IMEKUBALIWA, akagonga na wake, kwa kishindo cha kutosha watu wa nje. Kisha akainuka, akafunga mlango, akavua miwani.

"Zamu yako ya Jumatatu nitaishika mimi," alisema kwa sauti ya chini. "Mtoto utampitia wewe shuleni. Na ole wako ufeli, mume wangu."