Globu ya Mwisho

Kwa miaka thelathini na mbili Fundi Badawi hakuwahi kugusa kioo cha globu ya mashine ya sinema kwa mkono mtupu. Aliishika kwa leso nyeupe aliyoifua mwenyewe, maana jasho la kidole likibaki kwenye kioo, globu ikishapata moto hupasuka.

Sasa ukumbi wa sinema umegeuzwa hoteli. Viti vimeng'olewa, na mashine yake imewekwa mapokezi, imepakwa rangi ya dhahabu mpaka kwenye lenzi.

"Fundi, wewe iwashe tu," alisema Bi Tausi, mwenye hoteli. "Na hicho kisanduku cha taa kiache wazi, wageni wauone mwanga."

"Na kuisafisha nitakuwa nakuja lini?"

"Usijisumbue, wasichana wa usafi wapo. Watapitisha dasta."

Badawi alitoa globu aliyoitunza kabatini miaka sita, akingoja ukumbi ufunguliwe tena. Akaikunja leso, akairudisha mfukoni. Kisha akakishika kioo kwa vidole vyote vitano, akakibana taratibu kama anayeagana na mtu, akaipachika globu mahali pake.

Taa ikawaka. Wageni wakapiga makofi, na Bi Tausi akaenda kusimama kando ya mashine apigwe picha.

"Sogea karibu na taa, mama," alisema mpiga picha. "Karibu zaidi."

Badawi akaitoa leso, akaanza kujifuta vidole, kimoja kimoja.