Kopo Lenye Mfuniko

Daktari alikuwa amemkataza Bi Zamda sukari, kwa hiyo alisimama mbele ya friji la supamaketi akisoma maandishi madogo kwenye kila mtindi. Isiyo na sukari ilikuwa miwili tu: mmoja kwenye kikombe kidogo chenye karatasi juu, mwingine kwenye kopo la lita mbili lenye mfuniko wa kubana.

"Nyumbani mko wangapi, mama?" aliuliza mhudumu aliyekuwa akipanga maziwa.

"Niko mwenyewe."

"Basi kikombe kinakutosha. Hilo kopo litakuharibikia."

"Najua," alisema Bi Zamda, akachukua kopo. Kisha akamwomba ile kalamu ya kuandikia bei, akaandika chini ya kopo: Zamda, chumba cha saba.

Mhudumu alicheka kidogo. "Uko peke yako, jina la nini?"

"Chumba cha sita amehamia mtu. Huu mwezi wa pili, hatujasemezana. Nikimaliza mtindi nitampelekea wali humu."

"Kwani nyumbani huna vyombo?"

"Viliondoka na wanangu, vimejaa chakula. Havijarudi."

Mhudumu alipanga paketi mbili tatu. "Si umfungie tu kwenye foili, mama, yaishe?"

"Foili hairudishwi," alisema Bi Zamda.

Wino ulikuwa bado mbichi. Alilipakata kopo kama mtoto, maandishi yakitazama nje, akalipuliza taratibu ili jina lisifutike.