Okidi ya Nambua

Siku Nambua aliporudi kutoka hospitali alikopasuliwa, mumewe Sefania alikuwa ameificha okidi yake, ua lake la chunguni, nyuma ya mlango. Baridi ya milimani ilikuwa imeyababua majani, na yeye, kwa kuihurumia, akawa anaimwagia maji kila asubuhi hadi mizizi ikaoza.

"Itoe huko, mzee wangu. Harufu yake nimeipata tangu uani."

Akaileta, kichwa ameinamisha. Nambua akaipapasa kama mtoto mwenye homa, kisha akamwambia apitishe wembe motoni akate yeye, maana mikono yake mwenyewe ilikuwa bado inatetemeka.

"Kata palipooza pote, mpaka ufike kwenye ubichi."

"Nikiimaliza je?"

"Mbona mimi nimekatwa, na bado nakusumbua?"

Sefania akacheka, machozi yakimlengalenga. Akakata jani, akakata mzizi, hata kikabaki kichipukizi kibichi kama ncha ya kidole. Nambua akakinyunyizia unga wa mdalasini kwenye jeraha, kisije kikaoza tena.

"Na maji?"

"Wiki ijayo. Nitatia mimi."

Sefania akakichukua kikombe cha bati cha kumwagilia, akakipangusa kwa shati lake, akakiweka kitandani, upande wa mkewe.