Namba ya Marehemu Sheiza

Kwa sheria yetu, mjane akishatoka eda, namba ya simu ya mumewe hukodishwa kwa wafanyabiashara wadogo. Nilikwenda ofisi ya simu kutafuta namba ya kutangazia achari yangu ya ndimu.

"Bibi, ujumbe wa namba fupi watu wanaufuta bila kuusoma," karani akanieleza. "Namba ya kawaida wanaizuia. Ya marehemu haizuiliki, na simu inausoma ujumbe kwa sauti ya marehemu mwenyewe."

"Basi nipe ya Sheiza, mume wa Mwanjaa."

"Mjane wake anajua?"

"Atajua."

Mwanjaa, muuza achari mwenzangu, ndiye aliyetangaza mtaa mzima kuwa achari yangu ina funza. Wateja wote wakahamia kwake, nami nikamwaga ndoo mbili. Kwa hiyo ujumbe wa kwanza nilimpelekea yeye peke yake: "Nunua achari ya Bi Nyambuto."

Tunatenganishwa na ukuta mmoja tu. Nikamsikia akilia, moyo wangu ukatulia.

Kesho yake akaja na macho mekundu, akanunua chupa tano. Jioni akaijibu ile namba: "Mume wangu, nimenunua kama ulivyosema. Nifanye nini kingine?"

Nimekaa na simu mapajani, nafikiria cha kumwagiza.